Tulivyocheka Tumboni mwa Zimwi

Sisi tuliosoma katika madarasa ya sakafu ya udongo tunajuana hata kabla ya kusalimiana. Ukimwona mtu mzima, na tai yake na kitambi chake, anakanyaga mahali penye vumbi kisha bila kufikiri anamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa yake ili lile vumbi litulie, jua huyo ni mwenzetu. Hata akiwa meneja wa benki leo, vidole vyake vya miguu bado vinawakumbuka funza.

Enzi hizo hapa Kianjai, Meru, Ijumaa ilikuwa siku ya kubeba. Wasichana tulibeba maji kwa mitungi ya lita tano kutoka mtoni. Wavulana walibeba samadi ya ng'ombe ikiwa bado ina joto, imefungwa kwa majani ya mgomba. Mara moja kila muhula tulichota pia udongo mwekundu wa kukandika kuta. Baada ya saa nane tulipiga magoti, tukachanganya, tukapaka sakafu yote kwa viganja, tukirudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni. Nilipomsimulia binti yangu mambo haya aliniuliza kama tulivaa glavu. Nikamwambia tulivaa, zilikuwa za ngozi, na tulizaliwa nazo.

Mchana tulikula githeri baridi, mahindi na maharage, kutoka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, mfuniko umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mchuzi usimwagikie vitabu. Wengine walikuja na ndizi za kuchemsha, nyeusi nje na tamu ndani. Aliyekuja na njahi, yale maharage meusi ya sherehe, alikuwa na marafiki wengi hadi mkebe uishe. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi, tukaruka kamba ya majani ya migomba, na asubuhi ya Julai tulikimbia mbio za kuzunguka shule kwa sababu sweta zilikuwa chache na upepo ulikuwa unatoka kwenye mlima ukitutafuta sisi.

Kulikuwa pia na disiki. Hiki kilikuwa kibao kidogo cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akiongea Kimeru shuleni alivishwa shingoni, naye akakaa akinyata kama paka, amtafute mwingine wa kumvisha. Yule ambaye kengele ya jioni ilimkuta nacho alionana na mwalimu wa zamu, na hawakuonana kwa mazungumzo. Mtunza disiki wa darasa letu la sita alikuwa Mwiti, prefekti, mvulana mwembamba mwenye masikio makubwa ambayo tuliamini Mungu alimpa kwa kazi hiyo. Hakuwa na huruma. Alimvisha hata dada yake mdogo wa darasa la kwanza, aliyekuwa ameomba tu ruhusa ya kwenda msalani.

Mwalimu Kinoti alitujia muhula wa pili. Alikuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne. Hakuwa amesomea ualimu, na aliajiriwa na kamati ya wazazi kwa sababu walimu hawakutosha. Alikuwa na koti moja la kahawia, na baiskeli isiyo na madigadi, kwa hiyo siku za mvua mgongo wa lile koti ulikuwa na mstari wa matope ulionyooka kama umepigwa rula. Alipewa somo la Kiswahili, na somo lake la mwisho lilikuwa Ijumaa jioni, wakati ambapo darasa haliingiliki kwa sababu sakafu haijakauka. Tulikaa nje kwenye nyasi tukingoja. Ijumaa ya kwanza alitutazama, akafungua mkoba, akatoa daftari kubwa la jalada gumu.

"Hii ni riwaya," alisema. "Ninaiandika mimi. Haijaisha. Mkichoka mniambie."

Kisha akasoma sentensi ambayo naweza kuisema hata nikiamshwa usingizini: "Siku kijiji kizima kilipomezwa na zimwi, Bibi Mbaazi alikuwa katikati ya palizi, na jambo hilo lilimuudhi sana."

Hadithi za mazimwi tulizijua. Nyanya zetu walitusimulia jikoni, na zilitutisha hadi tukakataa kwenda kukojoa peke yetu. Lakini katika hizo, zimwi likimeza watu hadithi inabaki nje, inamfuata shujaa. Mwalimu Kinoti yeye aliingia ndani pamoja na waliomezwa. Watu wake walijikuta gizani, na nyumba zao, mbuzi wao na mazao yao, kisha wakaanza kupanga maisha. Chifu aliitisha baraza kutangaza kwamba hakuna haja ya wasiwasi. Makanisa mawili yaligombana kuhusu upande wa kuelekea wakati wa sala, moja likisema kooni na jingine likisema hapana, mbavuni. Zimwi lilipokunywa maji mtoni, watu wa tumboni walifurahi kwamba mvua imefika, wakapanda. Zimwi liliposhikwa na kwikwi, kwaya iliitumia kama ngoma. Naye Bibi Mbaazi alitafuta mahali penye joto zuri, akapanda maharage yake mistari sita.

Tulicheka hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini kuangalia kuna nini.

Na bado ilikuwa hadithi ya kutisha. Kwa maana tumbo ni tumbo. Kila asubuhi, ambayo ilikuwa ya kukisia tu, mwalimu wa kijiji aliita majina, na kila asubuhi jina moja halikuitikiwa. Mtu huyo alikuwa ameyeyuka. Mwalimu wa tumboni alisema: "Leo fulani hayupo. Nafasi yake kwenye benchi iachwe. Tuendelee." Halafu mara moja mbuzi angekula kofia ya chifu, nasi tukacheka tena, huku machozi ya lile jambo la kwanza hayajakauka. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuhisi vitu viwili hivyo kwa wakati mmoja. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na Ijumaa ikawa ndiyo siku ninayoingoja.

Nyumbani nilikaa na Karimi, binti ya shangazi yangu, aliyelelewa na sisi tangu mama yake alipoenda kufanya kazi katika mashamba ya maua kule Timau. Tulilala kitanda kimoja, tulisoma darasa moja, na mchezo wetu ukawa mmoja. Tulipanga magunzi ya mahindi chini kama wanakijiji, tukaita majina, na kila mara gunzi moja likaondolewa. "Hayupo. Nafasi yake iachwe. Tuendelee." Tulikuwa tukifanya hivyo nyuma ya ghala siku ambayo baba alipita na jembe begani, akasimama.

Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima kama mbegu. Alituuliza tunacheza nini. Tukamweleza yote, tukidhani atacheka. Hakucheka. Alisema kwa Kimeru, "Mtoto akizoea kucheka kifo, siku kikija kweli hatakitambua."

Jumapili hiyo alizungumza na wazazi wengine baada ya ibada. Mmoja alisema mtoto wake amekataa kula maharage hadi aambiwe yametoka shamba la nani. Mwingine alisema hayo ni mambo ya majini. Hapo kanisani pia kulikuwa na mama mmoja aliyezika mtoto mwaka huo, naye hakusema kitu, na nadhani kimya chake ndicho kilichompa baba nguvu. Mwalimu mkuu aliombwa aitishe mkutano Jumatatu, wiki mbili baadaye. Kila mtu alijua mkutano ni wa kumwachisha Mwalimu Kinoti kazi. Yeye mwenyewe alijua. Ijumaa iliyofuata alifika na lile daftari kama kawaida, lakini hakulifungua. Alitufundisha ngeli.

Alhamisi kabla ya mkutano, siku moja mapema kuliko kawaida, tulitumwa udongo mwekundu. Tuliuchimba kwenye timbo la zamani nyuma ya shule, mahali ambapo watengenezaji wa barabara walichukua marram ya kumwaga barabarani wakaacha ukuta mrefu wa udongo. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimechimba chini ya ukuta huo hadi pakawa na pango, mdomo mwembamba na ndani papana kiasi, kama tanuri. Udongo laini kabisa ulikuwa mwisho wa pango. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Leo nikiona mahali kama hapo namsimamisha mtu yeyote aliye karibu asisogee, hata kama simjui. Siku hiyo tuliona tu kwamba udongo umelowa na hautatupa shida kuuchimba.

Mimi na Karimi tuliingia kwa sababu tulikuwa wembamba. Mwiti aliingia nyuma yetu kwa sababu alidhani tunaongea Kimeru.

Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni kama mtu mkubwa ameketi. Mwanga ulikatika, chembe za udongo zikajaa mdomoni na puani, na nilipojaribu kusimama, kichwa kiligonga udongo ambao haukuwepo pale awali. Nilidhani nimekuwa kipofu. Baadaye, chembe hizo zilipotua, niliona juu yetu ufa mdogo, upana wa kiganja, wenye mwanga mwembamba wa kijivu. Ufa huo ndio uliotuletea hewa. Wakati ule sikuwaza hewa. Niliwaza kwamba mama atanipiga kwa sababu ya sare.

Karimi alianza kulia, akimwita mama yake kwa Kimeru, mama aliyekuwa mbali huko Timau na hangeweza kusikia. Kisha kutoka gizani, karibu na miguu yangu, nikasikia sauti ya Mwiti, nyembamba, inatetemeka.

"Karimi, hiyo ni Kimeru. Umeshika disiki."

Karimi alinyamaza. Tulisikia udongo ukidondoka kidogokidogo. Halafu akasema kwa Kiswahili sanifu, kile cha kuandikia insha, "Basi, prefekti, naomba ruhusa nilie."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka vibaya, kicheko cha kukohoa, tukimeza udongo. Kilipokwisha, hofu ilirudi, lakini haikurudi yote.

Mwiti alisema hawezi kuvuta mguu. Nilipapasa nikaukuta umelaliwa na bonge la udongo gumu kama jiwe, na kutoka gotini kwenda chini hakuna kilichokuwa mahali pake. Nilijaribu kusukuma, akapiga yowe, nikaacha. Tulipiga kelele kwa zamu tukielekeza midomo kwenye ufa. Hakuna aliyejibu. Wenzetu waliokuwa nje walikuwa wamekimbilia shuleni, lakini hilo hatukulijua. Tuliona tu kwamba dunia yote imenyamaza.

"Hakuna mtu anatusikia," Mwiti alisema. "Tutakufa hapa."

Hapo ndipo Karimi, ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono, alipokohoa akaanza kuita majina.

"Gakii?"

Ilinichukua muda kuelewa. "Nipo," nikasema.

"Mwiti?"

"Mnafanya nini?"

"Mwiti?"

"Nipo."

"Karimi? Nipo. Leo hakuna aliyeyeyuka. Tuendelee."

Tukaendelea. Kwa muda ambao baadaye tuliambiwa ulikuwa saa mbili, tulikaa ndani ya riwaya ya Mwalimu Kinoti kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kukaa. Udongo ulipomomonyoka tulisema zimwi limekohoa. Maji yalipotiririka kutoka juu tulisema limekunywa, na Karimi akamuuliza Mwiti chifu amepanda nini msimu huu. Mwiti alikuwa chifu. Alitangaza kwa meno yaliyokuwa yanagongana kwamba hakuna haja ya wasiwasi, serikali inajua. Mimi nilikuwa Bibi Mbaazi, nikalalamika kuhusu maharage. Na kila baada ya muda, Karimi aliita majina. Sasa nafahamu kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu. Kila aliyeitwa ilibidi aitike, na ili uitike ilibidi uwe macho.

Kisha kukawa na mara moja aliyoita, "Mwiti?" na hakujibiwa.

Aliita tena. Nilinyoosha mkono nikamgusa uso, ulikuwa baridi na umelowa. Nimewahi kufiwa tangu siku hiyo, nimewahi kukaa hospitalini nikingoja majibu ya daktari, lakini sijawahi tena kuogopa kwa namna ile. Karimi hakusema nafasi yake iachwe. Alisema jina lake mara tatu, mara nne, akilipiga kama mlango. Nami nikamfinya sikio, lile sikio kubwa, kwa nguvu zangu zote.

Akaguna. Halafu, kwa sauti ndogo sana, kwa Kimeru, akasema kwamba yupo, na tuache kumfinya.

Kisha Karimi akasema, "Prefekti, hiyo ni Kimeru."

Nilicheka nikilia, na Karimi akacheka, na hata Mwiti alitoa sauti fulani iliyokuwa nusu ya kicheko na nusu ya maumivu. Ndiyo maana hatukusikia majembe.

Yaliyotokea nje niliyajua baadaye. Mwalimu Kinoti alikuwa wa kwanza kufika, akaanza kuchimba kwa mikono kabla ya jembe kupatikana. Baba alikuwa akipalilia shamba lililo karibu na timbo. Alisikia watoto wakipiga kelele, akaja mbio na jembe lake, na aliposikia ni nani waliofunikwa alianza kuchimba. Watu wengine walifika. Walichimba polepole kwa kuogopa ukuta usiporomoke tena, na baada ya muda mrefu wengine walianza kutazamana kwa namna ambayo wazazi hutazamana wanapokata tamaa. Ndipo baba alipoinua mkono ili wote wanyamaze. Alikuwa amesikia kicheko kikitoka ardhini. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kwa sekunde chache aliamini akili imemwacha.

Alilala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Gakii. Ni wewe unacheka?"

"Ni sisi, Baba."

"Nyinyi wangapi?"

"Sote watatu."

Nilisikia pumzi yake. "Mnacheka nini?"

"Mwiti ameongea Kimeru."

Walitutoa mmoja mmoja. Jua lilikuwa bado juu na nilishangaa kuona mchana haujaisha. Mama alinikumbatia, kisha akanipiga kofi moja la mgongo, kisha akanikumbatia tena, na sare hakuitaja. Mwiti alipandishwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa nafaka, akapelekwa hospitali ya Meru mjini. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini ulifungwa plasta na ukapona. Aliporudi tuliandika majina yetu kwenye plasta ile, na Karimi alichora disiki.

Jioni hiyo tulioga maji moto, tukanywa uji wa wimbi hadi tumbo likauma. Baba alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mikono imelala magotini. Hakuwa anafanya kitu chochote. Sikuwa nimewahi kumwona baba asiyefanya kitu. Nilipopita aliniita, akaniuliza tulifanya nini mle ndani muda wote huo. Nikamwambia yote, majina, chifu, maharage. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nenda ulale, mama," na hilo jina la mama hakuwa ameniita tangu nilipoanza shule.

Mkutano ulifanyika Jumatatu kama ulivyopangwa, nje, mbele ya ofisi. Wanafunzi tuliambiwa tubaki darasani, lakini madirisha yetu hayakuwa na vioo. Mwalimu Kinoti aliketi kando, koti lake lina matope makavu ya Alhamisi, vidole vimefungwa vitambaa. Mwenyekiti alisema kuna lalamiko kuhusu hadithi, na mwenye lalamiko alieleze.

Baba akasimama, akavua kofia.

"Mimi ndiye nilianza maneno haya," alisema. "Nilisema watoto wakizoea kucheka kifo hawatakitambua kikija. Alhamisi kilikuja. Walikitambua vizuri sana, walikaa nacho saa mbili, na walipoitwa majina waliitika. Mimi sina lalamiko tena." Akaanza kuketi, akakumbuka kitu, akasimama wima. "Nina swali. Mwalimu, hao watu wa tumboni, walitoka?"

Mwalimu Kinoti alisimama kwa heshima. "Bado sijaandika hapo, mzee."

"Andika," baba alisema. "Hatukuharakishi. Lakini andika."

Watu walicheka, na katika kicheko hicho mkutano ulikwisha bila kura. Kabla hawajatawanyika walikubaliana jambo moja zaidi, kwamba hakuna mtoto atakayetumwa tena kwenye timbo. Wazazi wenyewe walileta udongo kwa mikokoteni, na wiki hiyo hiyo lile pango likafukiwa.

Sura ya mwisho ilisomwa siku ya kufunga shule, na wazazi walikuja. Mwalimu Kinoti alikuwa amebadilika rangi kwa woga. Katika sura hiyo hakutokea shujaa mwenye upanga. Zimwi lilichoka. Mabaraza, kwaya, kengele na ugomvi wa makanisa vililinyima usingizi, likawaomba watu kwa adabu watoke. Chifu aliitisha mkutano kujadili ombi hilo. Wote walikubali isipokuwa Bibi Mbaazi, aliyesema hatoki hadi maharage yake yakomae, na zimwi likalazimika kukaa wiki tatu limeachama mdomo. Watu walishikana mbavu. Lakini walioyeyuka hawakurudi. Wanakijiji walitoka wamebeba yale mabenchi mabegani, kila benchi na nafasi zake tupu, wakayapanga juani kama yalivyokuwa.

Nilimtazama yule mama aliyezika mtoto. Alikuwa analia bila kujificha, na alikuwa ametulia. Baba aliyekuwa karibu naye alisema kwa sauti ndogo, "Hapo umesema kweli, mwalimu."

Kabla ya kwenda nyumbani nilimfuata Mwalimu Kinoti alipokuwa anafunga mkoba kwenye baiskeli. Nilimuuliza kwa nini aliandika jambo baya hivyo kwa kuchekesha. Akaniambia kwamba alipokuwa na umri kama wangu, kwao Ishiara, walifiwa na watu watatu kwa mwaka mmoja. "Kila mtu mzima aliyeniona alishusha sauti," alisema. "Walinipenda, lakini walishusha sauti. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie kitu cha kuchekesha. Hakuna aliyethubutu."

Alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha akaenda chuo cha ualimu. Riwaya ile aliipiga taipu akaipeleka kwa wachapishaji. Mmoja alimjibu kwamba inatisha mno kwa watoto, mwingine akamjibu kwamba ina mzaha mwingi mno kwa jambo zito. Kwa hiyo haikuchapishwa. Amestaafu sasa, analima ndengu na kufuga nyuki huko kwao Ishiara, na mwezi wa nne nilimtembelea pamoja na Karimi, ambaye ni muuguzi Embu na anajulikana wodini kwa kuwatania wagonjwa. Mwiti hakuweza kuja, lakini alituma salamu kwa simu, kwa Kimeru kitupu. Mwalimu alitusomea kurasa kadhaa. Macho yake yamechoka, ilibidi Karimi amalizie.

Watoto wangu wanasoma katika shule yenye sakafu ya simiti, kuta za mawe na bomba la maji karibu na mlango. Hakuna anayetumwa udongo. Mwanangu wa darasa la sita hajawahi kuona funza, na nilipomwonyesha kovu langu aliuliza kama ni tatuu. Ana mazimwi mengi ndani ya simu yake, yenye rangi, moshi na ngurumo, anayaua kwa kidole gumba huku anakula chapati. Sitasema enzi zetu zilikuwa bora. Nimekaa chini ya enzi zetu saa mbili, naujua uzito wake, na kila asubuhi wanangu wanapopita lango la shule nashusha pumzi.

Ila mwaka jana mwalimu wao mmoja alipofariki, niliwakuta sebuleni wameketi kwenye kochi moja, watatu, kila mmoja ameinamia simu yake, wote macho mekundu. Hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Na mimi nilipoingia, nilijisikia nikishusha sauti. Wanangu wako salama kuliko tulivyokuwa sisi, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini wakiogopa, kila mmoja huogopa peke yake. Sisi tuliogopa pamoja, tena kwa sauti.